Minara ya Simu na Setilaiti katika Masafa Yale Yale: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Dodoma na Kanda ya Kati

Maswali haya ni yale yanayoulizwa na wenye ving'amuzi, mafundi wa madishi, wasimamizi wa mitandao ya ofisi na wapima ardhi wa Dodoma, Singida na maeneo ya jirani, hasa tangu huduma ya kizazi cha tano, yaani 5G, ilipoanza kutolewa nchini mwaka 2022. Baadhi ya majibu ni marefu kwa sababu jambo lenyewe lina tabaka nyingi; mengine yanatosha kwa sentensi chache.

Inakuwaje setilaiti na mnara wa simu vipewe masafa yale yale?

Masafa ya redio yanayofaa kwa mawasiliano ni machache, na kila mkanda una tabia yake. Mkanda wa gigahezi 3.4 hadi 4.2, ambao watu wa setilaiti huuita C, ulipendwa tangu mwanzo wa mawasiliano ya setilaiti kwa sababu mvua kubwa za nchi za joto haziudhoofishi sana. Watu wa simu nao wanaupenda mkanda huohuo kwa sababu nyingine kabisa: ni mpana kiasi cha kubeba data nyingi, na bado mawimbi yake yanafika mbali kiasi kwamba mnara mmoja unahudumia mtaa mzima. Hivyo pande mbili zimekutana kwenye kisima kimoja, kila mmoja akiwa na ndoo yake.

Kugawana masafa si jambo geni. Wagogo wanajua kwamba shamba la mtama ni la mkulima hadi mavuno, na mabua yakibaki mifugo huingia. Ardhi ni ileile, ila kinachotenganisha ni msimu na makubaliano. Katika redio kinachotenganisha ni mahali, uelekeo wa antena, muda na kiwango cha nguvu. Mwingiliano hutokea pale kimojawapo kati ya hivyo vinne kinapovunjika.

Mwingiliano hutokea wapi hasa: angani, njiani au kwenye dishi langu?

Hutokea kwenye kipokezi. Mawimbi mawili yanapopishana hewani hayaharibiani. Kila moja huendelea na safari yake kana kwamba halikuliona jingine. Shida huanza pale kifaa kimoja kinapoyapokea yote mawili na kushindwa kuyatenganisha.

Setilaiti za matangazo na za mitandao mingi ya ofisi ziko kilomita 35,786 juu ya ikweta, mahali ambapo kasi yake ya kuzunguka inalingana na ya dunia. Nguvu ya mawimbi hupungua kwa mraba wa umbali. Ukilinganisha umbali huo na mnara ulio kilomita 1 kutoka kwako, umbali peke yake unampa mwenye mnara faida ya zaidi ya mara bilioni 1.2, hata kabla hatujahesabu kwamba mnara una umeme wa kutosha ilhali setilaiti inaishi kwa paneli zake za jua. Mtu anayetaka kusikia mnong'ono wa setilaiti akiwa jirani na mnara amejiwekea kazi ngumu.

Kipokezi huumizwa kwa namna mbili, na ni muhimu kuzitofautisha kwa sababu dawa zake ni tofauti. Namna ya kwanza ni mnara kutuma ndani ya masafa yaleyale ya chaneli unayoipokea. Hapo hakuna kifaa kinachoweza kutenganisha, na suluhisho ni umbali, uelekeo au kinga. Namna ya pili ni mnara kutuma kwenye masafa ya jirani, tofauti na ya chaneli yako, lakini kwa nguvu kubwa kiasi kwamba kichwa cha dishi, ambacho mafundi wote hukiita LNB, kinalemewa. LNB ya C ya kawaida hufungua mlango kwa mkanda wote, gigahezi 3.4 hadi 4.2, kwa pamoja. Ikipigwa na mawimbi makali kwenye kona moja ya mkanda, kikuza mawimbi chake hujaa na chaneli zote hupotea, hata zile ambazo mnara haukuzigusa. Watu wengi wanaosema "5G imeua dishi langu lote" wanaeleza namna hii ya pili bila kuijua.

Nina dishi dogo la king'amuzi cha kulipia. Je, mnara wa 5G unaliharibu?

Kwa njia ya hewani, hapana. Madishi madogo ya sentimita 60 hadi 90 hupokea mkanda wa Ku, gigahezi 10.7 hadi 12.75, ambao uko mbali na masafa ya minara yetu. Hata hivyo, jibu hili halimalizi habari, na hapa ndipo naona makosa mengi ya utambuzi yanapofanyika mtaani.

LNB haipeleki gigahezi 11 kwenye king'amuzi, kwa sababu kebo ya kawaida ingeyameza masafa hayo kabla hayajafika sebuleni. Inachofanya ni kuyashusha: inatoa megahezi 9,750 kutoka sehemu ya chini ya mkanda, au 10,600 kutoka sehemu ya juu, na kinachobaki ndicho kinachosafiri kwenye waya, kati ya megahezi 950 na 2,150. Sasa tazama kilichomo humo. Minara ya mkanda wa 1800 hutuma kwenye megahezi 1,805 hadi 1,880, na ile ya mkanda wa 2100 huanzia 2,110. Kwa hiyo chaneli inayoshuka kutoka setilaiti kwa megahezi 11,600 inapita kwenye waya wako ikiwa 1,850, yaani katikati kabisa ya masafa ya mnara wa jirani. Waya ukiwa mzuri, pande hizo mbili hazikutani. Waya ukiwa na kinga hafifu, au kiungo kilichosokotwa kwa mkono, waya huo hugeuka antena na kuukaribisha mnara ndani.

Dalili yake ni ya pekee: chaneli chache za kundi moja huganda au hukatika, na nyingine zote ziko safi. Niliwahi kuitwa Nkuhungu kwenye nyumba iliyopakana na mnara, na mwenye nyumba alikuwa tayari amepanga gharama za kuhamishia dishi upande wa pili wa paa. Dishi halikuwa na kosa lolote. Kebo ilikuwa imeungwa nyuma ya kabati na kufungwa solotepu. Ilipobadilishwa kwa kipande kizima chenye kinga ya karatasi ya alumini na wavu mnene, na konekta zikabanwa kwa koleo lake, mnara ukawa jirani mwema. Simu yenyewe pia inaweza kufanya hivyo ikiwekwa juu ya king'amuzi, kwa sababu nayo hutuma kwenye megahezi 1,710 hadi 1,785 na 1,920 hadi 1,980.

Nitajuaje kama tatizo ni mnara, mvua, jua au upepo?

Anza na kalenda. Dodoma ni nchi kame: mvua zake, takriban milimita 570 kwa mwaka, hunyesha karibu zote kati ya Desemba na Aprili, na mara nyingi kwa mapigo makali ya muda mfupi. Mkanda wa Ku hudhoofika sana katika mapigo hayo. Ikiwa picha inakatika dakika kumi na kurudi, na ni msimu wa mvua, usimsingizie jirani. Wenye madishi yanayotazama setilaiti ya longitudo 7 Mashariki wanashangaa kwa nini picha hupotea ilhali paa ni kavu. Kutoka Dodoma setilaiti hiyo iko upande wa magharibi, kwenye mwinuko wa takriban digrii 56, hivyo mawimbi yake yanakatiza mawingu ya mvua yaliyo hadi kilomita 3 hivi magharibi mwa nyumba. Setilaiti ya longitudo 36 Mashariki, kinyume chake, iko karibu utosini, digrii 83 hivi, na huzibwa tu na wingu lililo juu ya kichwa chako.

Jua lina siku zake. Mara mbili kwa mwaka, katika siku chache zinazozunguka tarehe 23 Machi na 20 Septemba, jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti kwa mtazamaji wa Dodoma, na kelele zake za redio huizima kwa dakika chache. Kwa setilaiti ya utosini hutokea kati ya saa sita na nusu na saa saba kasoro robo mchana. Kwa ile ya magharibi, karibu saa tisa alasiri. Likitokea siku tatu nne mfululizo kwa saa ileile kisha likaacha, umeshapata jibu na huna haja ya fundi.

Upepo wa kiangazi, ambao watu wa Dodoma na Singida hawahitaji kuelezwa, huligeuza dishi polepole. Dishi la sentimita 90 kwenye mkanda wa Ku lina mwonekano wa digrii 2 tu kwa upana, hivyo kusogea kwa digrii moja kunatosha kupoteza nusu ya nguvu. Dalili ni kwamba chaneli zote hudhoofika kwa pamoja na hazirudi zenyewe.

Mwingiliano wa mnara hauna msimu. Huwa na tarehe ya kuanza, mara nyingi siku mafundi walipopanda kufunga antena mpya. Huchagua baadhi ya chaneli, isipokuwa LNB iwe imelemewa. Na unaweza kuongezeka jioni watu wanapotumia data kwa wingi. Kabla ya kuhitimisha, fanya jaribio moja rahisi: chukua kebo mpya, iunganishe moja kwa moja kutoka LNB hadi king'amuzi ikipita dirishani, bila kigawanyo wala kiungo chochote. Tatizo likiisha, kosa lilikuwa kwenye waya wa zamani.

Ofisi yetu ina dishi kubwa la mkanda wa C. Tufanye nini mnara wa 5G ukijengwa jirani?

Hapa malalamiko yana msingi, kwa kuwa mkanda wa simu wa 3500, yaani gigahezi 3.5 hivi unaotumiwa na 5G, na mkanda wa C wa setilaiti vinaingiliana kweli.

Kanda ya Kati ina bahati moja inayosahaulika. Kwa kuwa tuko digrii 6 tu kusini mwa ikweta, setilaiti nyingi zinazotuhudumia ziko juu sana, na madishi yetu yanatazama mbingu ilhali minara iko kwenye upeo wa macho. Dishi la mita 2.4 lina uwezo wa takriban desibeli 38 (kipimo cha kulinganisha nguvu) kwenye uelekeo wake, lakini kwa kitu kilicho zaidi ya digrii 48 pembeni makadirio ya kawaida ya kihandisi ni desibeli 10 chini ya sifuri. Tofauti ni desibeli 48, zaidi ya mara 50,000. Mwenzetu wa Ulaya ya kaskazini, ambaye dishi lake limeinama kuelekea ardhini, hana faida hiyo. (Gharama yake ni kwamba dishi linalotazama utosini hulala kama beseni na kuteka maji ya mvua, ndiyo maana baadhi ya mafundi hulitoboa tundu katikati.)

Hata hivyo, mara 50,000 si kitu mbele ya mara bilioni. Mnara wenye antena iliyolenga uelekeo wako, ukiwa kilomita moja bila kizuizi, bado unaweza kuijaza LNB. Hatua ya kwanza ni kichujio cha chuma kinachofungwa kati ya mdomo wa dishi na LNB, ambacho hupitisha gigahezi 3.7 hadi 4.2 tu na kukataa kilicho chini yake. Sisitiza mahali pake: kichujio kilichowekwa baada ya LNB, kwenye kebo, hakisaidii chochote, kwa sababu LNB imeshalemewa kabla mawimbi hayajakifikia. Nimeona ofisi ikinunua vichujio vya kebo vya bei rahisi mara mbili kwa kosa hilohilo. Zipo pia LNB zenye kichujio ndani, na kwa dishi jipya ndizo ningeshauri.

Kichujio hakiwezi kuokoa chaneli iliyo chini ya gigahezi 3.7 au jirani mno na masafa ya mnara. Hapo kuna mambo mawili: kuomba mtoa huduma wa setilaiti awahamishie kwenye sehemu ya juu ya mkanda, au kulificha dishi. Dodoma ina vilima vya mawe kila upande, na jiwe ni kinga bora kuliko kifaa chochote kinachouzwa. Dishi lililoshushwa kutoka paani na kuwekwa uani, nyuma ya ukuta wa jengo usiouona mnara, hupata nafuu kubwa bila gharama ya maana, na kwa kuwa linatazama juu, ukuta huo haulizibi kuiona setilaiti.

Aliyetangulia si ndiye mwenye haki? Dishi letu lilikuwapo kabla ya mnara.

Si lazima. Kinachohesabika ni hadhi ya huduma katika mkanda na kama kituo chako kimesajiliwa.

Kimataifa masafa hugawanywa na Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, kupitia Kanuni za Redio, ambazo hupitiwa upya katika Mkutano wa Dunia wa Mawasiliano ya Redio. Huduma hupewa hadhi ya kwanza au ya pili. Ya pili haina haki ya kulalamika dhidi ya ya kwanza na haipaswi kuisumbua. Zikiwa na hadhi sawa, zinapaswa kuratibiana. Mkanda wa C umekuwa ukihama kidogo kidogo kutoka mikononi mwa setilaiti. Mkutano wa 2007 ulifungua megahezi 3,400 hadi 3,600 kwa simu katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya, na ule wa Dubai mwaka 2023 uliongeza utambulisho wa masafa ya simu katika mikanda kadhaa, ukiwamo wa 3,600 hadi 3,800. Masharti ya 2007 yanafaa kutajwa kwa sababu yanaonyesha uangalifu uliowekwa: kabla nchi haijawasha mnara, mawimbi yake yakifika mpakani, yakipimwa mita 3 juu ya ardhi, hayapaswi kuzidi kiwango kidogo mno kilichowekwa kwa zaidi ya asilimia 20 ya muda, isipokuwa jirani akubali.

Ndani ya nchi, msimamizi ni Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, TCRA, ambayo husimamia masafa chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Mnada wa masafa wa mwaka 2022 ulihusisha mkanda wa 3500 pamoja na 700, 2300 na 2600, hivyo aliyenunua anautumia kwa haki. Kituo cha setilaiti chenye leseni kina nafasi ya kusikilizwa, kwa sababu mahali pake na masafa yake yanajulikana na mnara ungeweza kupangwa kwa kukizingatia. Dishi la kupokea tu, lililofungwa bila taarifa kwa mtu yeyote, halina ulinzi huo hata kama lina umri wa miaka ishirini. Taasisi inayotegemea dishi kwa kazi nyeti inapaswa kulipa uzito suala la usajili kabla ya mnara kuja.

Nchi nyingine zimelitatua vipi?

Marekani ilitumia fedha. Iliuza gigahezi 3.7 hadi 3.98 kwa kampuni za simu katika mnada ulioanza Desemba 2020 na kuvuka dola bilioni 81, ikawasogeza watu wa setilaiti kwenye 4.0 hadi 4.2, na kuacha megahezi 20 tupu katikati. Walionunua walibeba gharama za kuhama, yaani setilaiti mpya na vichujio vya madishi ya ardhini, pamoja na malipo ya hadi dola bilioni 9.7 kwa kampuni za setilaiti zilizokubali kuharakisha. Hong Kong, yenye nafasi ndogo, ilichora maeneo ya vizuizi kuzunguka vituo vya kuongozea setilaiti, likiwamo eneo la Tai Po, ambamo minara ya mkanda huo hairuhusiwi.

Kwa maoni yangu njia ya Hong Kong ndiyo inayofaa zaidi mji unaojengwa kama Dodoma. Fedha za aina ya Marekani hatuna, lakini Mji wa Serikali wa Mtumba na viwanja vinavyopimwa kuuzunguka bado vina nafasi ya kutenga mapema sehemu ya madishi yenye vilima kama ukuta, kabla kila wizara haijafunga lake paani.

Je, 5G itahatarisha ndege zinazotua Dodoma?

Hofu hiyo ilitoka Marekani, Januari 2022, ambako kampuni za simu zilichelewesha kuwasha baadhi ya minara karibu na viwanja vya ndege kwa kuhofia vifaa vya ndege vya kupimia kimo chake kutoka ardhini, vinavyofanya kazi kwenye gigahezi 4.2 hadi 4.4. Kule minara ilipewa masafa hadi 3.98. Mkanda wa 3500 uko mbali zaidi chini, na nafasi hiyo ya ziada ndiyo kinga.

Setilaiti mpya zinazopita chini, zinazotoa intaneti, zinasumbua minara?

Kwa sasa si kwa njia ya moja kwa moja. Mitandao ya aina ya Starlink, inayotumika tayari Kenya na Rwanda, huzunguka takriban kilomita 550 juu na kushusha data kwa gigahezi 10.7 hadi 12.7, mbali na simu zetu. Wanaopaswa kulindwa dhidi yake ni setilaiti zenzake za juu zinazotumia masafa hayohayo, na Kanuni za Redio zinaweka kikomo cha jumla ya nguvu ambayo kundi zima linaweza kumwaga kwenye dishi linalotazama setilaiti ya juu. Kwetu jambo hili lina uzito zaidi kuliko Ulaya, kwa kuwa mstari wa setilaiti za juu uko karibu utosini na setilaiti za chini hupita humo mara kwa mara. Zinapaswa kunyamaza au kugeuza miale zinapoukatiza. Mwaka 2023 mdhibiti wa Marekani, FCC, alikataa ombi la kuruhusu huduma za simu zenye nguvu kwenye 12.2 hadi 12.7, akisema hatari kwa setilaiti ni kubwa mno.

Simu ya kawaida ikizungumza moja kwa moja na setilaiti, nani atamsumbua nani?

Hapa mambo yanageuka: safari hii mnara ndio unaoweza kuumia.

Katika mpango huu setilaiti inatumia masafa ya simu yaleyale yanayotumiwa na minara ya ardhini, ili simu iliyo mfukoni ifanye kazi bila kubadilishwa. Si nadharia tena. Setilaiti ya majaribio BlueWalker 3, yenye antena ya mita za mraba 64, ilirushwa Septemba 2022, na mwaka uliofuata ilifanikisha simu ya sauti kwa simu ya kawaida. Kwa mchungaji aliye pori la Itigi au msafiri aliyeharibikiwa gari kati ya Manyoni na Rungwa, faida haihitaji maelezo.

Ugumu ni kwamba setilaiti haina uwezo wa kulenga kijiji kimoja. Mwale wake unafunika makumi ya kilomita, hivyo mwale uliokusudiwa kwa pori unamwagikia pia mji wenye minara. Kama mnara na setilaiti vinatumia masafa yaleyale, simu ya mtu wa mjini inasikia sauti mbili. Isitoshe, setilaiti hukimbia kwa zaidi ya kilomita 7 kwa sekunde, kiasi kwamba masafa yake hubadilika kwa makumi ya kilohezi kwa msikilizaji wa ardhini na inabidi yasahihishwe muda wote. Kosa dogo la usahihishaji linamwaga nguvu kwenye masafa ya jirani.

Njia mbili zinatumika. Ya kwanza ni kampuni ya simu kutenga kipande cha masafa kwa ajili ya setilaiti tu nchini kote. Ni safi, lakini ni gharama, kwa sababu kipande hicho hakitumiki tena mijini ambako kina thamani zaidi. Ya pili ni kuzima miale kila inapofika penye minara, jambo linalodai ramani sahihi ya minara na nidhamu ya hali ya juu. Jirani wa masafa naye hulalamika: FCC, iliyotunga kanuni za huduma hii Machi 2024, iliweka kikomo cha mawimbi yanayovuja nje ya mkanda, na mwaka mmoja baadaye ikamlegezea mwombaji mmoja kwa karibu mara tisa, licha ya pingamizi la kampuni shindani za simu. Kimataifa huduma hii bado haina makazi kamili katika Kanuni za Redio. Nchi inayoiruhusu inafanya hivyo kwa sharti la kutosumbua jirani na kutodai ulinzi, na suala hili liko kwenye ajenda ya mkutano wa 2027 kwa masafa yaliyo kati ya takriban megahezi 700 na 2,700. Dodoma haina mpaka wa nchi wa kuhofia, lakini kwa mwale wa setilaiti mpaka si mbali kama tunavyodhani.

Minara inaweza kuisumbua setilaiti iliyo angani?

Mnara mmoja, hapana. Minara laki kadhaa kwa pamoja, labda. Setilaiti za C husikiliza madishi ya ardhini kwenye gigahezi 5.9 hadi 6.4 na kuendelea, na mkutano wa 2023 uliitambua 6.425 hadi 7.125 kwa simu katika kanda yetu ya ITU. Kwa hiyo uliweka viwango vya nguvu ambayo mnara unatarajiwa kurusha juu ya upeo wa macho, vikipungua kadiri pembe inavyopanda. Ule mwinuko unaotusaidia kwenye kupokea unatusaidia hapa pia: antena za mnara hutazama watu walio chini, ilhali setilaiti iko utosini.

Wapima ardhi tunapoteza usahihi karibu na minara. Ni 5G?

Mara chache. Mawimbi ya GPS hushuka kwenye megahezi 1,575.42, mbali na mikanda ya minara yetu, lakini ni dhaifu mno na kipokezi cha bei rahisi kinaweza kulemewa ukisimama chini ya mnara. Sogea mita mia moja na ujaribu tena. Mara nyingi kinachosumbua ni chuma cha mnara wenyewe kinachorudisha mawimbi. Inafaa kujua kwamba mnara wa 5G nao unaitegemea GPS: lazima saa yake ilingane na ya minara mingine kwa usahihi wa sehemu moja na nusu kati ya milioni za sekunde, la sivyo minara itaanza kuingiliana yenyewe kwa yenyewe.

Nikishajiridhisha kwamba ni mwingiliano, nipeleke wapi malalamiko?

Anza kwa mtoa huduma wako kwa maandishi na uombe namba ya kumbukumbu. Asipotatua, nenda TCRA, ambayo ina ofisi ya Kanda ya Kati jijini Dodoma. Malalamiko ya "mnara unatusumbua" hayamsaidii mhandisi yeyote. Peleka tarehe tatizo lilipoanza. Orodha ya chaneli zilizoathirika na zisizoathirika, pamoja na masafa yake kama yanavyoonekana kwenye king'amuzi. Kiwango cha ubora wa mawimbi ulichoandika asubuhi, mchana na usiku kwa wiki nzima. Umbali na upande wa mnara. Aina ya LNB na kebo. Nakala ya leseni kama unayo. Na matokeo ya jaribio la kebo mpya. Kama kuna mtu mtaani amefunga kiongeza nguvu cha simu alichonunua bila idhini, litaje pia, kwa kuwa vifaa hivyo hurusha kelele kwenye masafa yasiyo yake, na mara kadhaa mnara ulioshtakiwa haukuwa na hatia.